Mabua Makavu Yawe Chakula cha Kondoo: Mwongozo Kamili wa Kutumia Urea, Molasi na Mashudu Wakati wa Kiangazi

Nenda Dodoma au Singida mwezi wa Oktoba uingie zizi lolote la kondoo. Utawakuta wanacheua, matumbo yamejaa, mabua yamelala mbele yao. Kisha mshike mmoja, umpapase mgongoni. Uti unachoma kiganja kama meno ya msumeno. Kinyesi chake ni vipira vikavu, vigumu, na mbuga nzima haijampatia jani bichi tangu Juni. Hapo mfugaji husema, "Chakula kipo, mbona anakonda?"

Anakonda kwa sababu kinachokosekana tumboni mwake ni naitrojeni, malighafi ya kujengea protini. Nimefuga kondoo miaka mingi kwa kutegemea mabua ya mahindi na mtama, na ninachokueleza hapa kimenilipa, ingawa kuna sehemu nimejifunza kwa kupoteza. Soma mwongozo huu mpaka mwisho kabla hujafungua mfuko wa urea, ile mbolea nyeupe ya shambani. Urea ikitumiwa kwa kipimo inaokoa kundi. Ikitumiwa kwa kukisia inaua kabla hujafika kwa afisa mifugo.

Kwanza, elewa nani anakula mabua

Kondoo mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha ubua. Wanaoyala ni vijidudu wanaoishi katika tumbo lake kubwa la kwanza. Wao ndio wanaovunja nyuzinyuzi na kumpa mwenyeji wao nguvu, na wakishakufa na kusukumwa mbele, miili yao inakuwa protini ya kondoo. Ukilisha kondoo, kwa kweli unalisha vijidudu.

Vijidudu hawa wanahitaji malisho yenye protini isiyopungua takriban 7%. Mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga na nyasi zilizosimama juani miezi mitatu yana asilimia 3 hadi 5 tu. Chini ya kiwango hicho vijidudu wanapungua, mabua yanakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na kondoo hana nafasi ya kula zaidi. Kondoo wa kilo 30 aliyepaswa kula karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku anaishia nusu kilo, na tumbo bado limejaa. Ndiyo maana kumwongezea mabua mengine hakumsaidii.

Urea ina naitrojeni 46%. Ikiingia tumboni inageuka amonia, na vijidudu wanaitumia amonia hiyo kujenga protini yao. Hii si mbinu ya kubahatisha: mwaka 1966 mwanakemia wa Finland, Artturi Virtanen, alichapisha matokeo ya ng'ombe waliotoa maziwa huku naitrojeni yao ikitoka karibu yote kwenye urea na chumvi za amonia. Kuna sharti moja tu. Vijidudu wanahitaji nguvu papo hapo amonia inapotokea. Amonia ikitangulia na nguvu ikachelewa, ziada inaingia kwenye damu na kuwa sumu. Maonyo yote utakayoyasoma hapa yanatokana na sharti hilo.

Chagua njia kabla ya kununua

Zipo njia tatu, na hazifai wote kwa usawa.

Kama mashine ya kukamua alizeti iko karibu na mashudu, yaani makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua mafuta, yanapatikana kwa bei unayoiweza, anza na mashudu. Sisemi hivyo kwa woga wa urea. Mashudu yana protini halisi, yana nguvu kidogo, na mtoto wa nyumbani anaweza kuyagawa bila hatari. Kama una mabua mengi na fedha kidogo, sindika mabua kwa urea. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote na nitakaa nayo kwa muda. Kama huna pa kuchimba shimo wala nafasi ya kusubiri wiki tatu, tumia urea na molasi (shira nzito inayobaki kiwandani sukari ikishatolewa) moja kwa moja, kwa uangalifu mkubwa.

Miti ya mikunde kama lukina na glirisidia ni akiba ya kudumu ambayo ningemshauri kila mfugaji aipande, lakini haitakusaidia kiangazi hiki kama hukuipanda masika yaliyopita.

Kusindika mabua kwa urea

Njia hii inafanya kazi mbili. Amonia inalowesha na kulegeza nyuzinyuzi ngumu za ubua ili vijidudu wapenye, na wakati huohuo inaacha naitrojeni ndani yake. Mabua yenye protini 4% yanaweza kufika 7 hadi 9, na kondoo wanayala kwa wingi zaidi kwa sababu yanalainika na kupita tumboni haraka.

Piga hesabu kwanza. Tuseme una kondoo 10 wakubwa na unataka kuwavusha siku 100 za mwisho wa kiangazi. Kila mmoja kilo 1 kwa siku ni kilo 1,000. Ongeza robo kwa ajili ya yale watakayoyaacha, maana kondoo huchagua majani na kuacha vigongo. Unafika kilo 1,250. Kipimo ni kilo 4 za urea kwa kila kilo 100 za mabua makavu, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha kundi lako lote kwa msimu. Nunua urea safi, punje nyeupe zisizochanganywa na mbolea nyingine. Usinunue iliyoganda wala iliyofungwa upya kwenye mifuko isiyo na maandishi.

Kusanya mabua mapema, mara tu baada ya kuvuna, kabla jua halijayapausha na mchwa hawajayaingia. Yaliyoota ukungu yaache shambani. Urea haiponyi ukungu.

Yakate vipande vya urefu wa vidole viwili hadi vitatu, kwa panga na gogo au kwa mashine ya kukatia majani kama kikundi chenu kinayo. Watu wengi huruka hatua hii kwa uchovu, kisha wanalaumu urea. Ubua mzima haushindiliki, hewa inabaki katikati, na amonia inatoroka.

Chimba shimo sehemu iliyoinuka, isiyotuamisha maji. Shimo la mita 1 kwa 1 kwa 1 linabeba takriban kilo 80 hadi 100 za mabua yaliyokatwa na kukanyagwa vizuri. Mimi napendelea mashimo mawili au matatu ya wastani kuliko moja kubwa: unapolisha la kwanza, jingine linaiva. Tandika nailoni nene chini na pembeni, ibaki ya kutosha kufunika juu. Asiyetaka kuchimba anaweza kutumia mifuko mikubwa ya nailoni isiyo na tundu, ikashindiliwa na kufungwa mdomo kwa kamba ya mpira. Kwa kondoo watano au sita inatosha kabisa.

Sasa fanya kazi kwa tabaka. Pima kwa mizani kilo 20 za mabua. Pima gramu 800 za urea, uiyeyushe katika lita 10 za maji safi mpaka usione punje hata moja chini ya ndoo. Tandaza mabua kwenye turubai, uyanyunyizie kwa kopo lililotobolewa matundu huku mwenzako akiyageuza. Yakilowa sawasawa, yaingize shimoni na uyakanyage, hasa kwenye kona na kando ya kuta, kwa kuwa hapo ndipo hewa hujificha. Kisha pima kilo 20 nyingine na urea nyingine. Usiyeyushe urea ya shimo zima kwa mara moja ukadhani utaigawa kwa macho; tabaka la mwisho ndilo litakalobeba ziada.

Shimo likijaa hadi liinuke kidogo juu ya usawa wa ardhi, kunja nailoni, funika, uweke udongo wa unene wa kiganja pamoja na mawe. Kagua kila baada ya siku chache. Ukisikia harufu kali inayochoma pua ukiwa umesimama kando, kuna tundu. Lizibe siku hiyohiyo.

Dodoma, Tabora au Shinyanga, ambako kuna joto, wiki 3 zinatosha. Njombe, Makete, au Nyandarua huko Kenya, ambako asubuhi ni baridi, ngoja wiki 4 hadi 5. Ukifungua mapema utakuta urea ambayo bado haijageuka, na hiyo ni hatari.

Mabua yaliyoiva yana rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, ni laini mkononi, na harufu ya amonia inatoa machozi. Yenye utando mweupe au meusi yanayonuka uozo yatupe mbali na zizi. Kwa kawaida ni kipande kidogo cha juu tu, mahali nailoni ilipochanika.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: usisindike kwa urea nyasi nzuri za kijani wala usinyunyizie molasi ndani ya shimo. Sukari na amonia vikikutana kwenye joto hutengeneza sumu inayowafanya wanyama wahangaike, wakimbie ovyo na kujigonga, na inaweza kupita kwenye maziwa hadi kwa wanakondoo. Urea ni ya malisho duni tu. Molasi itolewe horini, siku ya kulisha.

Kulisha mabua yaliyosindikwa

Toa kiasi cha siku moja tu, ufunge shimo tena. Yatandaze kivulini usiku kucha ili amonia iliyobaki ipeperuke. Asubuhi yanapaswa kuwa na harufu hafifu isiyochoma macho. Kama bado inachoma, subiri.

Siku 4 za kwanza changanya robo ya mabua yaliyosindikwa na robo tatu ya yasiyosindikwa. Siku 4 zinazofuata, nusu kwa nusu. Baada ya hapo robo tatu, na kufika mwisho wa wiki ya pili wape yote. Wengine watanusa na kugeuka siku ya kwanza. Usiwaongezee kitu kitamu cha kuwabembeleza. Watayala kesho yake. Maji yawepo muda wote, kwa sababu chakula hiki kinawaongezea kiu.

Wanakondoo walio chini ya miezi 4 wasiyaguse, kwa kuwa tumbo lao kubwa bado halijakomaa. Punda na nguruwe nao wakae mbali.

Urea na molasi moja kwa moja

Hapa nakuomba utulie. Kondoo asiyezoea, mwenye njaa, anaweza kufa kwa gramu 10 hadi 15 za urea zilizoingia kwa mkupuo, kiasi kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto. Kondoo huyohuyo aliyezoeshwa, akipata gramu 8 zilizotawanywa kwenye chakula cha siku nzima, ananenepa nazo. Tofauti ni mwendo tu.

Kwa kondoo 10 wakubwa, wiki ya kwanza tumia gramu 20 za urea kwa siku kwa kundi zima. Wiki ya pili gramu 40, ya tatu 60, na ya nne 80, ambapo unasimama. Yeyusha urea katika lita 2 za maji, koroga na lita 1 ya molasi, kisha nyunyizia sawasawa juu ya kilo 8 hadi 10 za mabua yaliyokatwa. Gawa nusu asubuhi na nusu jioni, kwenye hori refu la kutosha ili dume mwenye nguvu asije akala fungu la watatu. Molasi ndiyo ile nguvu ya haraka niliyoitaja mwanzo, kwa hiyo usiiache. Inatoka viwanda vya sukari kama Kilombero, Mtibwa na TPC ya Moshi, na wauzaji wa vyakula vya mifugo huileta mjini kwenye madumu. Ikikosekana, pumba za mahindi gramu 150 hadi 200 kwa kila kondoo zinasaidia.

Salfa, yaani madini ya kiberiti, nayo inahitajika. Vijidudu hawawezi kujenga protini kwa naitrojeni peke yake. Kondoo anahitaji takriban gramu 1 ya salfa kwa kila gramu 10 za naitrojeni. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ina naitrojeni 21% na salfa 24%, kwa hiyo kwa kila gramu 5 za urea weka gramu 1 ya SA. Kwa kundi letu la kondoo 10, ni gramu 16 juu ya zile 80.

Ukizipoteza siku tatu au nne bila kulisha urea, iwe kwa safari au kwa kuishiwa molasi, usirudi pale ulipoachia. Anza upya kwa gramu 20. Na urea hii usiwape kondoo wanaopata mabua yaliyosindikwa. Hiyo ni naitrojeni mara mbili.

Jiwe la kulamba linapunguza hatari kwa sababu kondoo hawezi kulimeza. Kwa jiwe la kilo 10: molasi kilo 4, pumba kilo 3, saruji kilo 1, urea gramu 800, chokaa ya mifugo gramu 500, chumvi gramu 500, SA gramu 200. Koroga urea, SA na chumvi ndani ya molasi bila kuongeza maji mpaka punje ziishe. Changanya saruji na chokaa pembeni kwa maji kidogo, mwaga ndani ya molasi, na pumba ziingie mwisho. Shindilia kwenye boksi lililotandikwa nailoni, litoe kesho yake, ulianike kivulini wiki moja hadi mbili. Ukilibonyeza kwa dole gumba lisiingie. Jiwe laini linang'atwa, na kung'ata si kulamba. Kondoo akilamba gramu 100 kwa siku anapata gramu 8 za urea.

Mwaka wa pili wa kutengeneza mawe haya niliweka moja ndani ya beseni, mahali palipo wazi. Usiku wa kwanza wa mvua za Novemba beseni likajaa. Asubuhi majike wawili walikunywa maji yale matamu, na saa tatu haikufika wakiwa wamekufa, mmoja akiwa na mimba. Tangu hapo jiwe langu linaning'inia chini ya paa, na chini yake hakuna chombo chochote cha kutuamisha maji. Kwa sababu hiyohiyo, urea isiwekwe kamwe kwenye maji ya kunywa.

Dalili za sumu na la kufanya

Ndani ya nusu saa hadi saa chache kondoo anatetemeka, anatoa povu, anapepesuka, tumbo linajaa gesi, anapumua kwa shida. Hakuna muda wa kwenda mjini. Ondoa chakula kwa kundi zima, umnyweshe siki nusu lita hadi lita 1 pamoja na maji baridi, polepole, kichwa kikiwa sawa na mgongo ili asipaliwe. Siki inazuia amonia kuingia kwenye damu. Aliyelala chini na hawezi kumeza usimnyweshe. Mpigie afisa mifugo wakati mwenzako anaendelea. Chupa za siki zikae karibu na zizi kabla ya siku ya kwanza ya urea.

Soya mbichi, hata ya kusaga, isichanganywe na urea: ina kimeng'enya kinachoigeuza kuwa amonia kwa kasi kubwa mno.

Mashudu na majani

Vijidudu hawatoshelezi kila kondoo. Jike anayenyonyesha na mwanakondoo anayekua wanahitaji protini zaidi ya ile ambayo vijidudu wanatengeneza. Hao wape mashudu ya alizeti au ya pamba gramu 100 hadi 150 kwa siku juu ya mabua. Kama mashudu ni machache, ningewapa majike wenye mimba ya miezi miwili ya mwisho na wanaonyonyesha, na madume ya kuuza yakavumilia.

Majani ya lukina ni mazuri, ila yana sumu iitwayo mimosini, na kondoo akila mengi hunyonyoka manyoya. Yasizidi theluthi ya chakula chake. Majani ya muhogo yaanike kwanza. Mabua ya maharage, majani ya karanga na ya kunde yanazidi ya mahindi kwa mbali. Inaniuma kuyaona yakichomwa shambani.

Kuhusu madini, soma lebo. Chumvi ya madini ya ng'ombe mara nyingi ina shaba, na kondoo hujaza shaba kwenye ini mpaka imuue. Mbolea ya kuku, ambayo wengine huisifia kwa naitrojeni yake, ina hatari hiyohiyo pamoja na magonjwa. Siiruhusu kwenye hori langu.

Utajuaje kama inafanya kazi

Angalia kinyesi kwanza. Ndani ya wiki mbili vipira vinaanza kulainika na kushikana kidogo. Pima mabua yanayobaki horini. Kundi linalopona linakula zaidi. Kila wiki mbili, asubuhi kabla ya kulisha, papasa mgongo wa kondoo walewale watano nyuma ya mbavu ya mwisho, uandike kwenye daftari. Usipoona badiliko baada ya wiki nne, usiongeze urea. Kagua minyoo, maji na kiasi cha mabua wanachopata, kwa mpangilio huo. Mara nyingi nimeikuta minyoo.